Kidole Kwenye Udongo

Akina mama, kabla sijaanza, inueni kidole. Hapana, si mkono mzima, hatupigi kura hapa. Kidole kimoja, kile unachoonjea mchuzi kujua kama chumvi imekolea. Na wewe uliyepakata mtoto, inua, mtoto hataanguka. Haya! Kitazameni vizuri. Sasa kishusheni, lakini msikisahau, maana nitakidai kabla hatujatoka humu ndani.

Najua mmechoka. Kuna aliyeacha nguo kwenye beseni, kuna aliyeacha maharage motoni na kumwachia mtu asiyejua hata kuongeza maji. Mimi mwenyewe yangu yako huko. Kwa hiyo sitazunguka. Ila nina mfano umenijaa kifuani tangu alfajiri nikikoroga uji, na nisipoutoa nitapasuka!

Kulikuwa na mama mmoja mjane katika nchi kavu. Kavu kabisa, ile ya mtu kuoga akisimama ndani ya beseni ili maji yale yale ayafulie nguo. Mumewe alimwachia nyumba, zizi, na mbuzi. Watu wa kule walimwita Mama Mbuzi, naye hakukasirika. Shida yake ilikuwa fisi. Zizi lilizungushiwa matawi ya miiba, na matawi yaliyokatwa, mnajua wenyewe, mchwa anayala. Leo pengo hapa, kesho pale. Fisi akishajua pengo la kwako hasahau. Mbuzi walizidi kupungua.

Akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu. Hakuja na ubaya. Akasimama mbele ya zizi, akatikisa kichwa, akasema:

"Shemeji, hawa mbuzi wanakwisha. Mvua zikinyesha nitarudi. Nikikuta ua unaoeleweka, nitakuacha na mbuzi wako. Nikikuta matawi haya haya, tutawaswaga kwangu, nawe utahamia upande ule kwa mke wangu."

"Kwa mke wako nikafanye nini?"

"Utamsaidia kupika."

Mmesikia hiyo? Mwanamke mwenye mji wake, mwenye ufunguo wake kiunoni, akawe mtu wa kusaidia kupika! Nani hapa anayataka hayo? Hakuna hata mmoja, naziona sura zenu.

Basi yule mama akamtumia salamu dada yake, aliyeolewa mbali, kwenye nchi ambako watu huzungushia mazizi yao dungusi kakati. Wengine mnaiita kaktasi. Ile inayosimama kama nguzo, miiba pande zote. Mchwa haigusi, mbuzi haitafuni, na fisi hapenyi. Dada akaja na kapu la miche michanga, mifupi kama kiganja, wakaipanda kwenye makopo ya maziwa waliyoyatoboa chini kwa msumari.

Sasa sikilizeni udongo wake. Dada hakuchukua udongo mweusi wa shambani. Alichota mchanga wa korongoni, mwingi. Akatia changarawe. Akatia udongo mwekundu kidogo, na samadi iliyokaa mpaka ikawa unga, kidogo tu, kama unavyotia iliki kwenye chai. Akachanganya kwa mikono. Akasema:

"Udongo wa mmea huu ni wa kupitisha maji, si wa kuyaweka. Usimwagilie kwa kuwa jua linawaka. Jua litawaka kila siku, ndiyo kazi yake. Tia kidole ndani ya kopo. Kikitoka na ubaridi, acha. Kikitoka na vumbi tupu, mpe maji mpaka yatokee chini, kisha mwache tena."

"Na nikiuona umesinyaa?"

"Hapo ndipo hasa utie kidole. Usiamini macho."

Dada akaenda zake. Yule mama akayapanga makopo ukutani, kando ya njia ya kisimani, kwenye kivuli kidogo, akatoka na mbuzi kuchunga. Alitoka jua likichomoza na kurudi likizama. Kila siku. Alikuwa peke yake, mnakumbuka.

Sasa kule kuna desturi, na ni desturi nzuri, mtu asiicheke. Mwanamke anayetoka kisimani hapiti mlangoni kwa mwenye msiba bila kumpunguzia kata ya maji. Anasimama, anamimina kwenye mtungi wa mfiwa, anaendelea. Hakuna anayemwambia, hakuna anayemshukuru. Na kukataa maji ya mtu ni tusi kubwa, ni kama kumtemea mtu chakula chake.

Wakaanza kupita. Mlango umefungwa, mtungi uko ndani, mwenyewe yuko na mbuzi. Lakini tazama, ukutani kuna miche ya mjane! Midogo! Imepigwa na jua! Mwenyekiti wa chama cha akina mama akasema, "Maskini, hii ndiyo anayoitegemea," akamimina kata. Akapita mke wa fundi cherehani, akamimina kata. Akapita bibi mmoja mwenye ndoo ndogo kwa sababu ya mgongo wake, naye akamimina. Wakapita na wengine. Kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyekumbuka!

Na mke wa fundi cherehani hakuishia hapo. Siku moja alichungulia ndani ya kopo, akashika mdomo.

"Mchanga! Mtu amefiwa mpaka anapanda kwenye mchanga!"

Akakimbia kwake, akarudi na samadi mbichi ya ng'ombe kwenye sufuria, ya asubuhi ile ile, akaichomeka kopo kwa kopo na kuikoroga. Aliona fahari? Aliona sana. Alikwenda nyumbani akiimba.

Mama Mbuzi alikuwa anarudi jioni, anatia kidole, anakuta ubaridi. Hamwagilii. Kesho yake ubaridi. Keshokutwa ubaridi na harufu ya zizi. Akajua kuna mtu. Lakini atasemaje? Asimame njiani awaambie wenzake, "Msinipe maji"? Katika nchi ile? Akanyamaza. Alikuwa amechoka, na kunyamaza hakuhitaji nguvu.

Na unajua ni nini kilichomnyamazisha zaidi? Miche ilinenepa! Ilivimba, ikang'aa kijani kama imepakwa mafuta! Ikaongezeka kimo. Kijiji kizima kikaja kutazama.

"Mkono wangu ule!" anasema mwenyekiti.

"Mkono wako? Samadi ya nani ile?" anasema mke wa fundi.

"Nyie gombaneni tu," anasema bibi. "Mimi nilikuwa naiombea."

Wakapiga vigelegele. Mama Mbuzi naye akacheka, akasema moyoni, labda dada yangu hajui kila kitu. Jamani, unene ule! Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungevunja furaha ya watu?

Mpaka asubuhi moja mche mmoja ukalala. Wa pili ukainama. Ngozi ikaanza kukunjamana, miche ikasinyaa, ikawa kama mtu aliyetoka kwenye homa. Na akina mama walipopita wakaona kitu gani? Wakaona kiu!

"Inakauka hii! Ongezeni!"

Wakaongeza. Miche ikasinyaa zaidi. Wakaongeza zaidi. Hapa nataka mnielewe, maana ndiyo sababu sikulala vizuri. Mzizi ukioza haunywi. Kwa hiyo mmea unaozama kwenye maji, ukiutazama kwa juu, unafanana na mmea wenye kiu. Unafanana kabisa! Mwenye macho mawili mazuri atamwaga maji, na ataapa kwamba ameokoa.

Siku moja mbuzi mmoja alichomwa na mwiba kwatoni, yule mama akalazimika kurudi mchana. Anakata kona ya nyumba, anakuta nini? Foleni! Mwenyekiti ana kata mkononi, mke wa fundi nyuma yake, bibi anasubiri zamu na ndoo yake ndogo, na wengine wanakuja njiani wakipiga soga. Wote wakaganda kama watoto waliokutwa kwenye sukari.

Akaushika mche mmoja, akauinua taratibu. Ukang'oka wenyewe, ukabaki mkononi mwake. Chini ulikuwa mweusi, laini kama ndizi iliyosahauliwa. Harufu ikawafikia wote.

"Mimi nilikuwa naweka kata moja tu," akasema mwenyekiti.

"Na mimi moja tu," akasema mke wa fundi.

"Mimi hata haifiki," akasema bibi. "Nusu. Mgongo."

"Moja," akasema wa nyuma.

"Moja," akasema mwingine.

Wakatazamana. Akina mama, hakuna aliyesema uongo pale! Kila mmoja alitoa kata moja, kwa moyo safi, maji aliyoyabeba kichwani kutoka mbali. Hapakuwa na mchawi. Hapakuwa na adui. Palikuwa na watu wema watupu, na miche imeoza.

Sasa mke wa fundi akapiga kelele, "Kuna kopo liliangukia nyuma ya jiko! Hilo hatukuwahi kulifikia! Hilo litakuwa zima!"

Nanyi mmekaa vizuri kwenye viti, nawaona. Mnasema, ehee, tumeshaujua mfano huu. Lililosahauliwa ndilo lililopona. Mtoto aachwe ateseke, ndiyo atakomaa, sisi tulilelewa hivyo hivyo. Sivyo?

Wakaenda nyuma ya jiko. Wakalitoa kopo. Mche ulikuwa mkavu kama kijiti cha kuwashia moto. Ulikufa! Ndiyo, ulikufa nao! Asiyemwagiliwa naye hufa, msinitazame hivyo. Huko kwenye kuoza walikufa kwa kupendwa bila kuulizwa, huku mmoja kafa kwa kusahauliwa, na wote wamekufa sawasawa.

Bibi akaketi chini akaanza kulia. Lakini yule mama hakuwa na nafasi ya kulia, mawingu yalishaanza kujikusanya na shemeji alikuwa ameahidi kuja. Akaingia ndani, akatoka na kisu.

"Unafanya nini?" akauliza mwenyekiti.

"Nakata."

"Utaiua, dada!"

"Huku chini imeshakufa. Nataka kilichobaki juu."

Akakata. Akatazama ndani, akaona doa la kahawia, akakata tena juu kidogo. Akakata mpaka akakutana na nyama safi, nyeupe yenye kijani, isiyo na doa hata moja. Mingine haikuwa na mahali pasafi, akaitupa. Mingine ilibaki vipande vifupi vya kuchekesha, vinene, kama visiki vya kuchezea watoto. Akavilaza kivulini juu ya gunia.

"Sasa tulete maji?" akauliza bibi, na machozi bado usoni.

"Hapana, bibi. Vikae hivi hivi mpaka kidonda kikauke kifanye ganda. Ukipanda kidonda kibichi kinaoza upya."

"Bila hata tone?"

"Bila hata tone."

Mnajua mateso waliyopata wale akina mama? Walipita na ndoo zao wakigeuza shingo upande wa pili! Mwenyekiti alikuwa akifika pale anashika kanga yake kwa mikono yote miwili, asije akashika kata. Kumwacha unayempenda bila kumfanyia kitu, hiyo ni kazi ngumu kuliko kubeba maji.

Ndipo mke wa fundi, ambaye siku zote hizi hakula akashiba kwa sababu ya samadi yake, akasema neno ambalo ilibidi lisemwe tangu mwanzo.

"Dada, kwani wewe unataka tukusaidie nini?"

Yule mama akamtazama. Akasema:

"Nataka mtu anichungie mbuzi. Nilale."

Basi! Hilo tu! Tangu mazishi hakuwahi kulala mchana, wala usiku vizuri, kwa kusikiliza fisi. Wenzake walikuwa wakipita mlangoni kwake kila siku, na maji, na hakuna aliyemuuliza. Mwenyekiti akajifunga kanga na kutoka na wale mbuzi. Mwenyekiti mzima! Beberu mmoja alimla pindo la kitenge cha chama, akarudi nacho kimechanika, anacheka mwenyewe. Na Mama Mbuzi alilala kama mtu aliyeangushwa.

Alipoamka, akawaita wenzake korongoni. Wakachota mchanga pamoja, wakachekecha changarawe, wakatia udongo kidogo, na samadi kuukuu. Mke wa fundi alipewa kazi ya samadi, atie yeye mwenyewe. Aliitia kwa ncha za vidole! Wakavipanda vile visiki. Na tangu siku ile, anayepita anasimama, anatia kidole kwenye kopo. Kikitoka na ubaridi anasema "bado," anachukua ndoo yake anakwenda. Kikitoka na vumbi anamwaga, kisha anageuza kopo, picha yake itazame ukutani, ili anayekuja nyuma ajue limeshanyweshwa.

Mvua zikaanza. Wakavitoa kwenye makopo, wakavipanda kwa mstari kuzunguka zizi, katikati ya yale matawi makavu. Mvua zilipokolea shemeji akaja, na fimbo yake ya kuswagia mbuzi ameshaikata njiani. Akautazama ua.

"Shemeji. Hivi visiki ndiyo ua?"

"Ndiyo."

"Hivi? Mbona vimekatwakatwa? Hivi vimechomekwa tu hapa kwa ajili yangu, nikiondoka vinaanguka."

"Ng'oa kimoja."

Akainama, akakishika karibu na ardhi, akavuta. Hakikutoka. Akaweka fimbo chini, akashika kwa mikono miwili, akavuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Akina mama nyuma ya ukuta wameshika midomo! Kisiki kimeng'ang'ana, kimeishika nchi kwa chini! Shemeji akaruka akijinyonya kidole.

"Kinauma hiki!"

"Hata fisi atasema hivyo hivyo, shemeji."

Akacheka, afanye nini? Akainama tena, akaokota matawi makavu ya miiba, akaanza kuziba pengo lililokuwepo, mpaka visiki vipate kimo. Jioni akaenda kwake. Fimbo yake aliisahau pale pale, na mbuzi wakaila majani.

Sasa sisi.

Ndiyo, sisi, tuliokaa hapa na vitenge vyetu vizuri. Mliona kata za watu wengine mkacheka. Kuna binti katika usharika huu amerudi nyumbani. Sitamtaja, na mtu asigeuze shingo, nasema asigeuze! Amerudi, mambo yake hayakwenda alivyotarajia. Yapi, hayatuhusu. Je, wangapi tumempitia mlangoni na kata? Mmoja ameenda na ushauri. Mmoja ameenda na kisa cha binti wa dada yake, aliyepatwa na hayo hayo na sasa ana duka. Mmoja ameenda kumkumbusha kumshukuru Mungu. Mmoja amempelekea namba ya mtu wa kumpa kazi. Mimi niliyesimama hapa nilimpelekea maneno wiki hii, mazuri, na nilirudi nyumbani nikiimba kama mke wa fundi.

Moja tu! Kila mmoja wetu moja tu!

Na alipoanza kuinama, alipoacha kuja kwenye kwaya, alipokuwa akisalimiwa anaitikia kwa kichwa, tukasema nini? Tukasema ana kiu ya neno. Ongezeni! Ni nani kati yetu aliyetia kidole kwanza? Nani aliyemuuliza swali, akangoja jibu, bila jibu la kwake yeye mwulizaji kuwa limeshajaa mdomoni?

Na watoto wetu ndani ya nyumba, je? Nasi akina mama ni wepesi wa ndoo, au wa kusahau kopo nyuma ya jiko. Yule anayeng'aa tunamwagia kwa sababu anatupa sifa. Yule aliyeangukia pembeni tunasema huyo ni mgumu, huyo hana shida. Lini mara ya mwisho ulimgusa huyo mgumu ukajua kama ni vumbi tupu mpaka chini?

Mungu hamwagi ovyo. Anajua kila kopo limefikia wapi. Sisi hatujui, ndiyo maana akatupa kidole.

Kiinueni sasa. Kile kile cha mchuzi. Nilisema nitakidai.

Tukitoka hapa, mtu mmoja tu, nasema mmoja, amwendee yule binti. Asimhubirie. Amuulize kama amekula asubuhi. Akijibu, anyamaze aendelee kusikiliza. Mjipange wenyewe ni nani, mkiwa mnakunja mikeka.

Wengine wote, mimi nikiwemo, tubebe ndoo zetu twende nyumbani. Maharage yanaungua.